Difragi ya kila mwezi dukani: inafaa shilingi 15,000?

Napima vitu viwili hapa, na nivitenganishe mapema. Cha kwanza ni difragi yenyewe, ile programu inayokuja bure ndani ya Windows ya kupanga upya hadi diski, yaani sehemu ya kompyuta yanamokaa mafaili. Cha pili ni huduma ya mafundi wanaopita duka kwa duka hapa Chake Chake kila mwisho wa mwezi "kufanya sevisi", ambayo kwa sehemu kubwa ni programu hiyohiyo ya bure, ila kitufe wanakubonyezea wao. Programu naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Huduma, kwa namna inavyouzwa, naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu fundi hupangusa vumbi.

Mie nina steshenari ndogo upande wa Chachani. Tunapiga chapa, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunapiga picha za pasipoti, tunawajazia vijana maombi ya vyuo na ya kazi. Msimu wa harusi mdogo wangu huleta video zake akakaa pembeni kuzikata. Duka nimelipokea kwa ami yangu alipoamua kupumzika, na pamoja na duka nikapokea vitu vyake: desktopu ya Dell ya mtumba yenye diski ya kuzunguka ya GB 500, laptopu ya HP yenye SSD (diski ya chipu tupu, isiyozunguka), hadi diski ya nje ya TB 1 wanamokaa maharusi wote wa mdogo wangu, na makubaliano ya mdomo na fundi kwamba kila kifaa kitadifragiwa kila mwezi kwa shilingi 15,000. Vitatu, basi 45,000. Risiti zake ami kazipanga kwenye kasha la biskuti, tena kwa tarehe.

Nikamuuliza, "Ami, hii inasaidia nini hasa?"

Akanambia, "Mwanangu, kompyuta isiyodifragiwa inakufa mapema. Sie tumeanza na hizi kabla hujazaliwa."

Ami simlaumu. Yeye ni mtu wa Windows 98. Wakati huo difragi ilikuwa na picha: skrini nzima imejaa viboksi vya rangi, kimoja kinahama, kingine kinajaa. Ami na wenzake wakishafunga duka walikuwa wanakaa na kahawa yao wanatazama, huku mmoja akisema, "Yakhe, kile chekundu kile kimekwama." Programu nyingine ikithubutu kuandika chochote kwenye diski, difragi ya Windows 98 ilirudi kuanza upya, na wao wakaagiza kahawa nyingine. Na kazi ile haikuwa ya bure. FAT32, mpangilio wa kuweka mafaili wa wakati ule, ulikuwa unamimina faili popote palipo wazi, diski zenyewe zilikuwa ndogo na zinajaa upesi. Juu ya hayo umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya Wesha, maana waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umetufikia mwaka 2010. Mtu aliyejifunza kompyuta katika hali hiyo lazima awe na desturi zake.

Ila mambo yamebadilika, na hapo ndipo fundi alipotakiwa amwambie ami akanyamaza. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 viboksi vikaondolewa na kazi yote ikawekwa kwenye ratiba: kila Jumatano saa 7 usiku kompyuta ijipange yenyewe. Windows 7 ikaendelea na ratiba hiyo. Windows 10 na 11 zimeitia ndani ya matengenezo ya kila siku, ambayo kwa kawaida yamewekwa saa 8 usiku, na difragi huja mara moja kwa wiki. Kwa hiyo mtu mwenye kompyuta ya miaka hii tayari anadifragiwa kila wiki bila kumlipa mtu. Fundi anapokuja mwisho wa mwezi anakuta kazi imeshafanyika mara nne.

Kwangu mie alikuwa haikuti, na sababu nitaieleza.

Kwanza kazi yenyewe. Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka, na juu yake kuna mkono wenye kichwa kinachosoma. Faili likiandikwa wakati nafasi imebanana, linakatwa vipande na kila kipande kinatupwa kwake. Ni kama familia ya watu sita iliyopanda daladala lililokwisha jaa: mama mbele, baba nyuma, watoto wametawanyika katikati, na konda anayetaka nauli yao lazima apite gari zima. Familia haijapotea na nauli yote italipwa, lakini konda anachoka. Difragi inawaomba abiria wengine wasogee ili hawa wakae pamoja.

Uchovu wa konda unahesabika. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo kungoja kipande kije chini ya kichwa huchukua, kwa wastani, milisekunde 5 na nusu hivi. Ongeza milisekunde kumi na kitu za mkono kusogea. Kuruka kutoka kipande hadi kipande basi kunakaribia milisekunde 17. Faili lenye vipande kumi hutaliona tofauti hata ukilikodolea macho. Lenye vipande elfu moja linakuwekea sekunde 17 za kungoja kabla hujasoma neno. Desktopu nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa hiyo nafuu ipo kidogo, lakini si ya kutangaza.

Nikaipima Dell kabla fundi hajafika. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika dfrgui, itafunguka orodha ya diski zako zote. Chagua diski, bonyeza Analyze, ungoje. Kitufe hiki hakibadilishi chochote, kinaangalia tu, kwa hiyo usikiogope. Dell ikatoa asilimia 31, yaani kiasi cha mafaili yaliyovunjika vipande.

Nyingi hiyo. Nikajiuliza ratiba ya kila wiki ilikuwa wapi. Jibu liko ukutani: duka likifungwa tunazima swichi kubwa, kwa hiyo saa 8 usiku kompyuta haina umeme. Matengenezo yakikosa saa yake hungoja kompyuta ikae bila kazi, na kompyuta ya steshenari haikai. Akitoka wa kopi anaingia wa CV. La pili, diski ilikuwa imejaa hadi kooni. Skani za vyeti vya watu waliokwisha kuajiriwa, kadi za harusi za watu waliokwisha kupata watoto, nakala tatu tatu za fomu ileile. Windows XP ilikuwa inataka asilimia 15 ya diski iwe tupu ndipo difragi ifanye kazi sawasawa, na ingawa hizi mpya hazikulazimishi, kanuni ni nzuri bado: abiria huwezi kuwapanga gari ikiwa haina kiti kimoja kitupu cha kuanzia.

Nikafuta kwanza. Huku kufuta peke yake kulichukua muda mrefu kuliko difragi, maana lazima uangalie usije ukafuta cheti cha mtu. Hapa niwape tahadhari wenzangu wenye maduka: kama kuna faili limefutwa bahati mbaya na unataka kulirudisha, usiguse difragi mpaka umelipata. Difragi inahamisha vitu na kuvilaza palepale lilipokuwa faili lako, na likishalaliwa basi tena.

Jioni nikabonyeza Optimize, nikaiacha swichi bila kuizima, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi asilimia ilikuwa 0.

Sasa matokeo, bila kutia chumvi. Folda la skani, lenye maelfu ya mafaili madogo, ambalo lilikuwa linafunguka kwa kujivuta huku mteja anatazama saa, lilifunguka upesi, na tofauti niliiona bila kupima. Kuwasha kompyuta, ambako kulikuwa kunakaribia dakika tatu, kulipungua kidogo, labda sekunde ishirini. Word ilikuwa vilevile. Printa vilevile, na intaneti vilevile. Natilia mkazo hili la intaneti kwa sababu fundi kwenye maelezo yake alikuwa anaahidi mpaka WhatsApp ya kompyuta itakwenda mbio. Hadi diski haina habari na bando lako.

Mwezi ukapita wa kazi za kawaida, msimu wa maombi ya vyuo tena, watu foleni mpaka barazani. Nikabonyeza Analyze. Asilimia 3. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi mzima ambayo ami alikuwa akiilipia 15,000. Mpangilio wa NTFS tunaotumia siku hizi haujitawanyi ovyo kama zamani, hasa ukiuachia nafasi ya kupumua. Ile asilimia 31 ilikuwa deni la muda mrefu na diski iliyobanwa, na ikishalipwa mara moja hairudi kwa mwezi.

Hapo ndipo nilipoanza kukitilia shaka kile kifungu cha "kila mwezi" kwenye risiti, maana kama alikuwa anaidifragi Dell kila mwezi kweli, ile 31 ilitoka wapi? Sikumuuliza. Nilingoja aje.

Akaja na begi lake na fleshi yake. Kijana mpole, salamu zake ndefu, kamuulizia ami na watu wa nyumbani wote. Akakaa kwenye laptopu ya HP, akachomeka fleshi, akaanza kuweka programu fulani ya difragi ya kupakua, yenye viboksi vya rangi kama zile za zamani.

"Kaka, hiyo laptopu ina SSD," nikamwambia.

"Najua dada. Na SSD nazo zinataka kupangwa, ndiyo maana zinakuwa nzito."

"Wapanga nini humo wakati hakuna kinachozunguka?"

Akacheka, akasema atanipunguzia bei.

Hili ndilo kosa kubwa la huduma yenyewe, na wala sidhani kijana ana nia mbaya. Kafundishwa hivyo na aliyemfundisha. SSD haina sahani wala mkono. Kukifikia kipande kilicho mbali ni sawa na kukifikia kilicho karibu, na yote huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde. Tena ndani yake kuna kidhibiti ambacho chenyewe kinatawanya data makusudi, ili sehemu moja isichakae kabla ya nyingine. Ile picha ya viboksi vilivyopangika vizuri ni ya kwenye skrini. Mle ndani ya chipu mpangilio ni mwingine kabisa. Na kila sehemu ya SSD ina idadi yake ya kuandikwa kabla ya kuchoka, kwa hiyo kuhamisha GB mia mbili kila mwezi bila sababu ni kuila taratibu. Difragi moja haiiui. Lakini kwa nini ulipie?

Windows inalijua hili. Kwenye dirisha lilelile la dfrgui, diski ya SSD imeandikwa aina yake, na ukibonyeza Optimize haifanyi ile difragi ya kuhamisha vipande. Inatuma amri iitwayo TRIM, ya kuiambia SSD ni sehemu zipi hazina kazi tena, na inakwisha kwa sekunde chache. Mara mojamoja, kama umewasha kurejesha mfumo nyuma, Windows huweza kupanga kidogo hata kwenye SSD kwa mahitaji yake. Iachie yenyewe. Programu ya fleshi nikaomba iondolewe.

Hadi diski ya nje, ya maharusi, ilinipa la kujifunza. Mdogo wangu alikuwa na hakika kwamba video zinakwama wakati wa kukata kwa sababu zimevunjikavunjika. Nikapima, ripoti ikasema karibu sifuri. Akasema programu inadanganya, maana diski imejaa, imefutwa, imejaa tena misimu yote hiyo. Haikudanganya. Tangu Vista, kipande kikishafika MB 64 Windows haikihesabu kuwa kimevunjika, kwa sababu kuruka mara moja kila MB 64 hakuna mtu atakayekuhisi. Video ya harusi ni faili la GB nyingi, vipande vyake ni vikubwa, na kichwa kinasoma muda mrefu kabla ya kuruka. Kilichokuwa kinamkwamisha ni kukata video moja kwa moja kutoka diski ya nje, kwenye waya wa USB wa zamani uliochomekwa tundu la zamani. Sasa ananakili harusi moja kwenye SSD ya laptopu, anaikata, anairudisha. Kelele za "dada, limeganda" zimepungua. Hazijakwisha, kwa sababu naye anafungua vichupo vya YouTube hata sijui vingapi.

Kuna hatari moja ambayo sikuona fundi yeyote anaitaja kabla ya kubonyeza. Difragi inaisomesha na kuiandikisha diski kwa saa nyingi mfululizo. Diski nzima inastahimili. Iliyokwisha kuanza kufa unaisukuma kaburini. Mwalimu mmoja wa skuli ya jirani alikuwa na laptopu inayotoa mlio wa kugonga, tik tik, na ikiganda ovyo. Fundi mmoja akamwambia inataka difragi, ikawekwa usiku kucha, asubuhi haikuwaka tena na maswali ya mitihani ya muhula yamo ndani. Mlio ule ulikuwa unaomba bakapu. Kabla ya difragi yoyote, fungua programu ya bure kama CrystalDiskInfo, itakusomea hali ya diski yenyewe. Ikiwa rangi si ya buluu ya salama, au kuna sekta (vijisehemu vya diski) zinazongoja kubadilishwa, nakili vitu vyako kwanza kwenye diski nyingine, na habari ya kupanga uisahau.

Umeme ukikatika katikati je? Hili wateja huniuliza sana, na Pemba ni swali la haki. NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko, na Windows haiachi nakala ya zamani ya kipande mpaka mpya imekaa, kwa hiyo kukatika mara moja kwa kawaida hakuli faili. Mie hata hivyo desktopu naiendesha kwa UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.

Basi twende kwenye hesabu. Vifaa vitatu kwa 15,000 kwa miezi kumi na mbili ni shilingi 540,000 kwa mwaka. SSD ya GB 240 niliyoitia kwenye Dell nilinunua 75,000 duka la Mlandege, mjini Unguja, ikaja kwa boti na mtu wetu. Yaani ada ya miezi mitano ya kifaa kimoja. Windows ikahamishwa kama ilivyo, hakuna kilichopotea. Zile dakika tatu kasoro za kuwasha sasa hazifiki nusu dakika. Folda la skani linafunguka kabla hujaondoa kidole. Hakuna difragi iliyowahi kuifanyia Dell hivyo, na hata ingefanywa kila usiku isingeweza, kwa sababu mkono ni mkono, lazima usogee.

Asiyeweza kununua SSD kwa sasa, na tuko wengi, programu ya bure inamtosha, tena kwa utaratibu huu. Kwanza futa mpaka upate nafasi. Halafu Analyze, na ikiwa chini ya asilimia 10 funga dirisha uendelee na kazi zako. Ikiwa juu, Optimize mara moja, na baada ya hapo iachie ratiba. Kama duka lako linazima swichi usiku kama letu, ile saa ya matengenezo inahamishika kwenye mipangilio ya Windows 10. Mie kabla ya SSD niliihamishia saa 6 mchana. Siku nyingine inakuta watu wanapiga chapa inajiondokea, lakini Ijumaa tunafunga kwa swala kompyuta zikiwa zinawaka, na hapo inapata nafasi yake.

Diski ya zamani ya Dell sikuitupa. Nimeitia kwenye kasha la USB, inakaa nyumbani na nakala ya mafaili ya duka, na haijaona difragi tangu itoke.

Na fundi tumeelewana upya. Anakuja kila miezi mitatu badala ya kila mwezi, 20,000 kwa Dell na HP pamoja: anafungua, anatoa vumbi, anapaka upya gundi ya joto kwenye prosesa ikihitajika, anapangusa miguu ya RAM inayoshika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, na anahakikisha bakapu inafunguka kweli. Ziara ya kwanza ya namna hii alitoa ndani ya feni ya Dell mjusi kafiri mmoja aliyekauka kabisa, na Dell ambayo ilikuwa inavuma siku nzima ikanyamaza. Kwa ziara ile nilimpa nyota nne. Ya tano itategemea kama atakuja na risiti iliyoandikwa alichokifanya, maana mpaka leo kitabu chake kina neno moja tu lililopigwa muhuri kila ukurasa: DIFRAGI.